Wapresbiteri wa Luebo: kundi moja la makabila mengi

Kila mtu anayekaa Kolwezi anajua bonde la Kingamyambo. Ndipo ulipomwagwa kwa miaka mingi mchanga uliobaki nyuma ya kuosha mawe ya shaba. Watu waliuhesabu kuwa takataka. Halafu wenye elimu ya madini waliupima, wakaona kwamba shaba na kobalti zimebaki ndani yake, tena si kidogo. Ndiyo maana leo mchanga ule ule unaoshwa mara ya pili kwa mitambo mipya.

Historia ya Wakristu wenzetu ambao hatuwajui vizuri ni kama mchanga huo. Zamani tuliitupa pembeni, tukisema: ni mambo ya Waprotestanti, hayatuhusu. Lakini mwenye kuipima kwa haki ataona ndani yake mali inayofaa hata kwa sisi Wakatoliki.

Makatekista wetu wanauliza mara nyingi: Wapresbiteri ni watu gani? Wametoka wapi? Mbona wengi wao hapa kwetu ni watu wa Kasai? Katika makala haya tunataka kujibu maulizo hayo. Lakini tunataka pia kuonyesha jambo moja kubwa zaidi, nalo ni hili: namna gani kundi la waamini wa makabila mengi linazaliwa, linakua, tena linaweza kuvunjika. Kwa maana sisi wa Lualaba tuna ugonjwa ule ule, na tunahitaji dawa ile ile.

1. Jina lao na utaratibu wao

Neno «presbiteri» limetoka katika neno la Kigiriki presbyteros, maana yake mzee. Waseminari wanalijua tayari, kwa sababu neno la Kifaransa prêtre limezaliwa katika neno hilo hilo, na mapadri wa jimbo pamoja na askofu wao tunawaita presbiterio. Basi jina ni moja, lakini maana imeachana.

Wapresbiteri ni watoto wa matengenezo yaliyofanywa na Yohane Calvin katika mji wa Geneva, katika karne ya 16. Mwanafunzi wake John Knox aliyapeleka mafundisho hayo katika inchi ya Scotland, ambayo ilikata uhusiano na Roma mwaka 1560. Kutoka Scotland na Ireland, wahamiaji wengi waliyachukua mpaka Marekani.

Wao hawana maaskofu. Kila kundi la waamini lina mchungaji mmoja na baraza la wazee waliochaguliwa na waamini wenyewe. Makundi ya jirani yanatuma wachungaji na wazee katika baraza kubwa zaidi linaloitwa presbiterio, na juu ya presbiterio kuna sinodi. Mashauri yote yanapita katika mabaraza hayo. Wana sakramenti mbili tu, Ubatizo na Karamu ya Bwana.

Tofauti na imani yetu ni kubwa, wala haifai kuificha. Hawana sakramenti ya Daraja kadiri tunavyoifahamu sisi, na kwa sababu hiyo Kanisa Katolika linafundisha kwamba hawakushika fumbo la Ekaristia katika ukamilifu wake. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umoja wa Wakristu ya mwaka 1964, ulitufundisha kwamba wote waliobatizwa kwa halali wameunganishwa na Kristu, na inatupasa kuwaita ndugu. Basi tuwatazame kama ndugu, tukianza na mwanzo wao katika Kongo.

2. Wawili waliotumwa pamoja

Wapresbiteri wa Marekani waligawanyika mwaka 1861, wakati wa vita juu ya utumwa. Wale wa kusini walijitenga, na wengi wao walikuwa upande wa wenye watumwa. Katika kanisa hilo la kusini alipatikana kijana mweusi, William Henry Sheppard, aliyezaliwa mwaka 1865 huko Waynesboro katika Virginia. Alisoma katika shule ya Hampton, kisha akafanya masomo ya dini huko Tuscaloosa, akawekwa kuwa mchungaji. Aliomba kutumwa Afrika. Wakubwa wa misioni walimkawisha muda mrefu, kwa sababu hawakutaka kumtuma mtu mweusi peke yake bila mzungu wa kumsimamia.

Mwishoni alijitoa kijana mzungu, Samuel Lapsley, mtoto wa hakimu mmoja wa Alabama, wa jamaa iliyokuwa na watumwa zamani. Basi mtoto wa mabwana na mtoto wa wale waliotawaliwa walipanda meli moja huko New York katika Februari 1890. Lapsley hakuwa amefikisha miaka 24, na Sheppard alikuwa karibu kutimiza 25. Ni neno la kufikiri sana: katika inchi yao wenyewe, desturi haikuwaruhusu kukaa pamoja kwenye meza moja. Katika Kongo walilala katika hema moja, wakauguzana homa, wakala chungu kimoja.

Siku ya 18 Aprili 1891 walifika Luebo, pale mto Luebo unapoingia katika mto Lulua, wakafungua misioni yao. Sisi Wakatoliki tukumbuke kwamba katika mwaka huo huo wa 1891, mwezi wa Desemba, Padri Emeri Cambier wa shirika la Scheut alianzisha misioni ya Mtakatifu Yosefu huko Mikalayi, karibu na Luluabourg. Misioni mbili zilizaliwa katika Kasai mwaka mmoja, kama mapacha. Lakini zililelewa mbalimbali, na muda mrefu zilishindana kijiji kwa kijiji.

Lapsley hakuishi muda mrefu. Alikufa kwa homa karibu na Matadi, tarehe 26 Machi 1892, mwaka mmoja tu nyuma ya kufika Luebo. Hivi yule mweusi waliyekataa kumtuma peke yake ndiye aliyebaki kuishika kazi.

Sheppard alitaka kufika Mushenge, mji mkuu wa Bakuba. Mfalme alikuwa amekataza mtu yeyote kuwaonyesha wageni njia. Sheppard akatumia akili. Alituma watu wake kununua mayai katika soko la kijiji cha mbele, kisha katika kijiji kingine zaidi, na yeye akafuata njia waliyopita wanunuzi. Mwaka 1892 akafika. Bakuba hawakumwua, kwa maana walimdhani kuwa mzee wao wa jamaa ya kifalme aliyekufa na kurudi tena. Kwa sababu ya safari zake, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpokea mwaka 1893.

3. Kundi la Luebo lilivyopata kuwa kundi

Ni akina nani waliokuwa waamini wa kwanza? Luebo ilikuwa katika inchi ya Bakete. Lakini Bakete wengi hawakupendezwa na fundisho jipya, kwa sababu walikuwa na mashamba yao, masoko yao na mizimu yao. Waliosikia kwanza walikuwa hasa watu wasio na mahali: Baluba na Bena Lulua waliotawanywa na vita vya wafanya biashara ya watumwa, watoto waliouzwa, wanawake waliotolewa kwa kulipa deni. Kundi la Luebo halikukusanywa kwa ukoo. Lilikusanywa kwa shida.

Mwaka 1894 Sheppard alirudi kutoka Marekani pamoja na mke wake Lucy Gantt na wasaidizi wengine weusi. Kati yao alikuwamo Maria Fearing. Huyu alizaliwa mtumwa huko Alabama, mwaka 1838. Nyuma ya kupata uhuru alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, akawa mwalimu. Alipoomba kutumwa Kongo alikuwa na miaka 56. Wakubwa walisema: umezeeka mno. Basi aliuza nyumba yake, akalipa safari yake mwenyewe. Huko Luebo alifungua nyumba ya wasichana iliyoitwa Pantops. Wengi wa wasichana hao aliwakomboa kutoka kwa waliowashika, akitoa vitambaa, chumvi na vitu vingine. Mtu aliyekuwa mtumwa akawakomboa watumwa! Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1915, akafa kwao mwaka 1937.

Mapadri wa Mikalayi walifanya vivyo hivyo. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea vijiji karibu na misioni. Kumbe misioni zote mbili za Kasai zilijengwa juu ya msingi mmoja, yaani maskini waliokosa ukoo. Hakuna upande unaoweza kujisifu juu ya mwingine.

Kundi hilo lilihitaji kufundishwa. Mchungaji mzungu William Morrison, aliyefika mwaka 1897, alijifunza lugha ya Tshiluba kwa bidii, akatoa sarufi na kamusi mwaka 1906. Upande wetu, Padri Auguste De Clercq wa Scheut aliandika pia juu ya sarufi ya lugha hiyo. Wapresbiteri waliweka huko Luebo kiwanda cha kupiga chapa, kilichoitwa kwa jina la J. Leighton Wilson, nacho kilitoa vitabu vya shule na vya dini. Morrison alikufa Luebo mwaka 1918, na Biblia nzima ya Tshiluba ilitimizwa mwaka 1927.

Tunaona hapa faida na hasara pamoja. Faida ni hii: lugha moja iliwaunganisha watu wa makabila mengi, wakaweza kuimba pamoja na kusikia Neno pamoja. Hasara ni kwamba wasio na lugha hiyo walijiona kuwa wageni katika nyumba ya Mungu. Bakuba walitazama Tshiluba kama lugha ya watu wengine. Mmisionari mweusi Althea Brown Edmiston alilifahamu jambo hilo. Kwa miaka mingi alijifunza lugha ya Bakuba, akaandika sarufi na kamusi yake, iliyopigwa chapa Luebo mwaka 1932. Lakini kazi ya misioni iliendelea hasa katika Tshiluba.

Mwenye kufikiri ataona kwamba Kiswahili chetu cha Katanga kinafanya kazi ile ile. Kimetuunganisha katika kambi za wafanyakazi. Lakini mama mzee aliyefika juzi kutoka kijijini, asiyesikia hata neno moja la mahubiri yetu, naye ni mtoto wa Kanisa.

4. Ushuhuda wa Sheppard

Sasa tunafika kwenye jambo lililofanya Luebo isikike duniani. Katika siku za Mfalme Leopold wa Pili, Serikali ya Kongo na makampuni walitaka mpira na ushuru kwa nguvu. Mwaka 1899 Sheppard alitumwa na misioni yake kuchungua vita vilivyofanywa na Zappo-Zap, watu waliotumiwa kukusanya ushuru wa Serikali. Zappo-Zap walimjua, hawakumshuku, wakamwonyesha wenyewe kazi yao. Aliona vijiji vilivyochomwa, na mikono ya watu ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu mmoja mmoja: mikono ya kuume 81.

Tusome vizuri neno hilo. Hakuandika tu kwamba watu wengi walikufa. Alihesabu. Kila mkono ulikuwa wa mtu, na kila mtu alikuwa na mama yake. Morrison aliitangaza habari hiyo Ulaya na Marekani.

Mwaka 1908, katika gazeti dogo la misioni lililoitwa Kasai Herald, Sheppard aliandika namna Bakuba walivyochoshwa na kazi ya mpira. Compagnie du Kasai ikawashitaki yeye na Morrison. Hukumu ilifanyika Léopoldville mwaka 1909. Mbelgiji Émile Vandervelde, kiongozi wa wasosialisti, mtu asiyekuwa wa dini yao, alisafiri mpaka Kongo kumtetea bila malipo. Katika Oktoba Sheppard aliachiliwa, na mashitaka juu ya Morrison yalianguka.

Na sisi Wakatoliki tulikuwa wapi? Inatupasa kujibu kwa ukweli. Mwaka 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya Kongo walifanya mapatano, na misioni zetu zilipewa mashamba na misaada. Wamisionari wetu wengi, wakiwa Wabelgiji, walidhani kwamba malalamiko ya Waprotestanti ni hila za Waingereza na Wamarekani. Wengi walinyamaza. Si wote: Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti, aliandika kitabu mwaka 1906, akaukemea utawala ule bila woga. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mmoja aliyesema hafuti kimya cha wengi.

Tena tusimfanye Sheppard kuwa malaika. Mwaka 1910 aliacha kazi ya Kongo na kurudi Marekani, na mbele ya wakubwa wake aliungama dhambi ya uzinzi. Alikufa Louisville mwaka 1927. Mungu anatumia vyombo vya udongo, na sisi mapadri tunalijua neno hilo kuliko wengine.

Ni lazima kusema jambo moja la uchungu zaidi. Nyuma ya miaka hiyo, wamisionari weusi wapya waliotumwa Kasai na kanisa lao walikuwa wachache sana. Serikali ya ukoloni haikuwapenda, na kanisa la kusini la Marekani halikupigana kwa ajili yao. Kundi lililozaliwa katika hema moja la mweupe na mweusi liliongozwa muda mrefu na wazungu karibu peke yao. Wenyeji walihubiri, walifundisha, walitembea katika vijiji vyote. Lakini shauri la mwisho lilikaa kwa wageni mpaka karibu na uhuru wa 1960. Hapo tena, tusiwanyoshee kidole, kwa sababu kwetu ilikuwa vivyo hivyo.

5. Kutoka Kasai mpaka Lualaba

Mwaka 1928 njia ya gari la moshi ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikaunganisha Kasai na Katanga. Union Minière ilihitaji wafanyakazi wa kukaa pamoja na jamaa zao. Watu wengi wa Kasai walipanda gari, wengine wakiwa na rozari, wengine na Biblia ya Tshiluba katika masanduku yao. Ndivyo wajukuu wa Mikalayi na wajukuu wa Luebo walivyokutana katika kambi za migodi, na nyuma ya mwaka 1937 katika Kolwezi pia.

Mpresbiteri aliyefika hapa hakukuta misioni yake. Misioni za Waprotestanti zilikuwa zimegawana inchi. Huku walikuwako Wametodisti walioanzishwa na John Springer, na watu wa Garenganze, ambao Frederick Arnot aliwafungulia njia kwa Mfalme Msiri huko Bunkeya mwaka 1886. Basi wengi walisali na hao. Tena shule za kambi zilikuwa hasa mikononi mwa misioni katolika, na Serikali haikutoa msaada kwa shule za Waprotestanti mpaka nyuma ya vita, kwa amri ya mwaka 1946. Kwa hiyo watoto wengi wa Waprotestanti walikaa kwenye mabenchi yetu. Wengine waliingia katika Kanisa letu kwa moyo. Wengine waliingia ili wapate kusoma. Mungu anawajua.

Halafu yalikuja majaribu makubwa. Katika Oktoba 1959, huko Luluabourg, Baluba na Bena Lulua walianza kupigana. Watu waliosoma kitabu kimoja, katika lugha moja, walichomeana nyumba. Maelfu ya Baluba walikimbilia Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Makundi ya waamini yalivunjika, ya Wapresbiteri na ya Wakatoliki vile vile. Kanisa la Wapresbiteri lilipata kujitawala katika siku hizo hizo za moto. Baadaye, mwaka 1970, lilihesabiwa kati ya jumuiya za Kanisa la Kristu katika Kongo, na makao yake makuu yako Kananga.

Na kwetu? Wazee wetu wametusimulia yaliyotokea mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi. Watu wa Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walikaa kwa miezi katika kituo cha gari la moshi na katika mashule, wakingoja mabehewa. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, hasa watoto. Waliofukuza walikuwa wabatizwa. Waliofukuzwa walikuwa wabatizwa. Jumapili moja walikaa kwenye benchi moja, na Jumapili iliyofuata benchi lilikuwa tupu.

Ni nani aliyewahesabu hao, kama Sheppard alivyohesabu ile mikono 81? Wako mapadri, masista na waamini waliowapelekea chakula na kuwaficha, na Mungu atawalipa. Lakini tumeandika majina ya wangapi katika vitabu vya parokia zetu? Kuhesabu wafu ni tendo la haki, na kuwaombea kwa majina yao ni tendo la imani.

6. Mafundisho kwa ajili yetu

Ndugu wapendwa, katika miaka hii ya karibuni watu wa Kasai wanafika tena Kolwezi kwa wingi, wakitafuta kazi katika kobalti. Maneno mabaya ya zamani yanasikika tena sokoni na katika mabasi, hata mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo historia ya Luebo si habari ya kale. Tuchukue humo mafundisho manne.

La kwanza. Kundi la makabila mengi halizaliwi kwa maneno matamu. Linazaliwa watu wanapokula pamoja, wanapouguzana na kuzikana. Lapsley na Sheppard walijifunza undugu katika homa, si katika vitabu. Katika jumuiya zetu ndogo za Kikristu, tutazame: mgonjwa wa kabila lingine anatembelewa na nani?

La pili. Tutazame ni nani wanaokaa katika baraza. Wapresbiteri wanachagua wazee, na ni desturi nzuri. Lakini desturi nzuri haitoshi kama wazee wote wanatoka ukoo mmoja. Sisi nasi tuna baraza la parokia, viongozi wa kwaya na wenye kushika feza. Kama wote ni wa kabila moja, tusishangae wengine wakijiona kama wapangaji.

La tatu. Mapacha wa 1891 wasiendelee kushindana. Mpresbiteri aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa kweli. Akitaka kuingia katika Kanisa Katolika, asibatizwe tena. Atapokelewa kwa kuungama imani, kadiri ya utaratibu wa Kanisa. Katekista aulize kwanza cheti au shahidi wa ubatizo wake, na kama kuna shaka ya kweli, ampelekee padri shauri lile. Mkatoliki akitaka kufunga ndoa na Mpresbiteri, ruhusa ya askofu inahitajiwa, na mafundisho yaanze mapema, ili jamaa zote mbili zijue ahadi juu ya imani na ubatizo wa watoto. Tena katika juma la kuombea umoja wa Wakristu, toka tarehe 18 mpaka 25 Januari, tusiwaombee tu kwa mbali. Tuwaalike, na wakitualika tuende.

La nne, ambalo ni gumu kuliko yote. Misioni ya Kanisa ni kutangaza Evanjili, na anayetangaza Evanjili hawezi kunyamaza wakati mwenzake anaumizwa. Sheppard alifanya vitu vitatu: alienda kuona, alihesabu, akasema. Padri anayesikia kwamba jirani ametishwa kwa sababu ya kabila lake, aende kuona kabla ya kuamini uvumi. Ahesabu kwa haki, bila kuongeza wala kupunguza. Halafu aseme, kwanza katika mahubiri yake mwenyewe, mbele ya watu wa kabila lake mwenyewe. Hapo ndipo maneno yanapokuwa na bei.

Wapresbiteri wa Luebo walianza wawili, katika hema moja, na mmoja wao akafa mapema. Walianguka mara nyingi. Lakini lile jambo la kwanza waliloonyesha lingali kweli: waliotengwa kwa damu, kwa rangi na kwa utumwa wanaweza kuwa jamaa moja mbele ya Mungu. Sisi tunaopokea Mwili mmoja katika Ekaristia tutatoa sababu gani mbele ya Bwana, tukishindwa kukaa kwenye benchi moja?

Maria Fearing alikuwa na miaka 56 walipomwambia kwamba amezeeka mno. Alienda hivyo hivyo. Na sisi, tusiseme kwamba wakati umepita.